Masika, ghorofa na nguo mbichi: Mashine ya kukaushia inafaa lini?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Jumapili jioni ya mwezi Aprili, sebule ya nyumba moja ya ghorofa ya nne, Upanga, imegeuka uwanja wa kuanikia. Mashati meupe ya shule yametundikwa kwenye migongo ya viti vya mezani. Taulo limetandazwa juu ya mlango wa bafuni. Feni ya dari inazunguka kwa kasi ya mwisho, na chini yake kuna jinzi mbili zilizofuliwa tangu Ijumaa. Ukizishika kiunoni, pale kitambaa kilipokunjwa mara mbili, bado mbichi.

Nje mvua haijakatika tangu asubuhi. Kibarazani hakuna kamba, kwa sababu mkataba wa upangaji unakataza kuanika nguo upande unaotazama barabara. Kesho alfajiri watoto wanapanda basi la shule, na mama mwenye nyumba ameshawasha pasi ili akaushe kola na mikono ya mashati.

Wakazi wengi wa maghorofa ya mjini wanaijua hali hii. Ndiyo inayowapeleka madukani kuulizia mashine ya kukaushia nguo, kifaa ambacho kwa miaka mingi tulikiona ni cha watu wa nchi za baridi. Swali nililopewa kulifuatilia ni hili: je, kifaa hicho kina kazi ya kweli katika nyumba ya Pwani, na kama kinayo, ni kipi cha kununua na kipi cha kukiacha dukani?

Jua lilitosha, mpaka tulipopanda juu

Kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la Dar es Salaam linatosha kabisa. Kanga iliyoanikwa saa nne asubuhi mwezi Januari inaanuliwa kabla ya adhuhuri. Kamba haitumii umeme, na haichakazi nguo kama mashine inavyozichakaza.

Shida ni masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Nguo haihitaji joto peke yake ili ikauke. Inahitaji pia hewa yenye nafasi ya kupokea mvuke. Siku ya mvua unyevu wa hewa ya Pwani hupita asilimia 80, hivyo hata kukiwa na nyuzi joto 28 maji hukaa kwenye kitambaa. Kadiri yanavyokaa ndivyo bakteria wanavyozaliana, na ule uvundo wa taulo hutoka kwao. Baada ya uvundo huja ukungu, kwanza kwenye nguo, kisha kwenye ukuta wa chumba.

Kuna pia nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Buu wake huingia ngozini na kutoa uvimbe kama jipu. Ndiyo maana wazazi wetu walisisitiza kupiga pasi nguo zote, mpaka chupi na nepi, ndani na nje. Joto la pasi huua mayai hayo.

Mashine yenyewe ilizaliwa mbali na mazingira haya. Mwaka 1892 George T. Sampson, Mmarekani mweusi wa Dayton, Ohio, alipata hataza ya fremu ya kukaushia nguo kwa joto la jiko. Katika miaka ya 1930 J. Ross Moore wa North Dakota, jimbo ambalo nguo huganda kambani wakati wa baridi, aliunda mashine ya pipa linalozunguka, ikaanza kuuzwa mwaka 1938. Wabunifu hao walifikiria nyumba zenye baridi nje na hewa kavu ndani. Sisi tunaileta kwenye joto na unyevu, na hapo ndipo baadhi ya mashine zinashindwa kazi.

Kibaraza ni cha nani?

Kabla ya kufika dukani kuna ugomvi wa kibaraza. Wasimamizi wa majengo wana hoja zao. Nguo zinazoning'inia mbele ya jengo zinaharibu sura yake, maji yanamdondokea jirani wa chini, na upepo ukivuma shuka linaangukia barabarani. Kwa maji yanayodondoka, hoja hiyo ni ya haki.

Wapangaji nao wanauliza waanike wapi. Majengo mengi ya zamani ya katikati ya jiji yana ngazi ya kufika juu ya paa, na huko kamba zimefungwa ukuta hadi ukuta. Mapya mengi yamejaza paa kwa matangi ya maji, mitambo ya viyoyozi na minara ya simu, kisha mlango ukafungwa kwa kufuli.

Msimamo wangu ni kwamba jengo likikataza kuanika kibarazani bila kuweka mahali pengine, limemhamishia mpangaji gharama ambayo atailipa kila anaponunua umeme. Suluhisho si la ajabu. Pembe moja ya paa ikiezekwa kwa bati linalopitisha mwanga na kuachwa wazi pande zote, nguo hupata joto na upepo hata mvua ikinyesha.

Ugomvi huu umefika hadi kwenye sheria kwingineko. Florida, Marekani, ambako vyama vya wamiliki wa nyumba hupenda kukataza kamba, sheria ya jimbo inazitaja kamba za nguo miongoni mwa vifaa vya nishati ya jua visivyoruhusiwa kupigwa marufuku. Kwetu mpangaji ana mkataba wake tu, na ni vyema ausome kipengele hicho kabla ya kutia sahihi.

Kamua kwanza

Mwenye kamba mbovu au asiye na kamba kabisa hukimbilia kuuliza bei ya mashine ya kukaushia. Swali la kwanza lingekuwa jingine: mashine yake ya kufulia inakamua kwa kasi gani?

Chukua kilo saba za nguo za pamba. Zikikamuliwa kwa mizunguko 800 kwa dakika hubaki na maji kama asilimia 70 ya uzito wake mkavu, yaani karibu lita tano. Zikikamuliwa kwa mizunguko 1,400 hubaki na kama asilimia 50, yaani lita tatu na nusu. Tofauti ni karibu lita moja na nusu, iliyotolewa kwa umeme kidogo sana.

Maji hayohayo ukitaka kuyatoa kwa joto, hesabu inabadilika. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji karibu uniti 0.7 za umeme, na mashine ya hita, ukijumlisha joto linalopotea, hutumia karibu uniti nzima. Anayekamua vizuri ameokoa zaidi ya uniti moja kwa kila pipa la nguo kabla hata hajawasha mashine ya kukaushia.

> Lita moja ya maji inayotolewa kwa kukamua haigharimu karibu chochote. Ikitolewa kwa hita inakula karibu uniti nzima.

Hapa kuna jambo la kumtahadharisha mnunuzi. Mashine za mapipa mawili, zile za bei nafuu zilizojaa Kariakoo, huuzwa kwa maelezo kwamba upande mmoja unafua na mwingine unakausha. Upande wa pili hauna hita. Unakamua tu, ingawa mengi ya mapipa hayo hukamua kwa zaidi ya mizunguko 1,000 kwa dakika, na nguo nyepesi zikitoka humo hukauka chini ya feni kwa saa chache. Kwa familia nyingi hilo linatosha. Mnunuzi ajue tu kwamba jinzi na taulo zitatoka mbichi.

Aina tatu, na ya nne inayodanganya

Mashine za kukaushia zinazotumia umeme nyumbani ni za aina tatu.

Ya kwanza huvuta hewa ya chumbani, huipasha moto kwa hita, huipitisha kwenye nguo, kisha huitoa nje kwa bomba nene. Ni nyepesi, rahisi kutengeneza, na mara nyingi ndiyo ya bei ya chini. Lakini bomba lazima litoke nje ya nyumba. Ukiliacha ndani ya stoo, unamwaga lita nne za mvuke kwenye chumba kimoja, na ndani ya wiki chache utaona madoadoa meusi kwenye dari. Chumba chenye kiyoyozi nacho kinaumia, maana mashine inanyonya hewa uliyolipia kuipoza na kuitupa nje.

Ya pili hugeuza mvuke kuwa maji ndani yake. Maji hudondokea kwenye chombo ambacho mwenyewe unakimwaga, au huenda moja kwa moja kwenye bomba la maji machafu. Haihitaji tundu ukutani, na hilo ndilo linalowavutia wapangaji. Udhaifu wake kwa Pwani haumo kwenye matangazo: hutegemea ubaridi wa hewa ya chumba ili mvuke ugeuke maji. Nyingi zimeundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi joto 35. Iweke kwenye kichumba kisicho na dirisha mwezi Februari, iwashe, na joto lake lenyewe litakisukuma chumba kupita hapo. Itazunguka saa tatu na nguo zitatoka za moto na mbichi.

Ya tatu ni ya pampu ya joto. Ina kompresa na gesi, kama friji. Upande wa baridi hukamata maji yaliyomo kwenye hewa, na joto lililopatikana hapo hurudishwa kukausha nguo badala ya kupotea. Hukausha kwa joto la chini, kama nyuzi 50 hadi 60, na kwa hiyo huchukua saa mbili au tatu. Bei yake ni ya juu zaidi. Kwa upande wa umeme inakula kidogo kuliko zile mbili za kwanza, na ndiyo sababu Uswisi tangu mwaka 2012 inaruhusu kuuzwa mashine mpya za namna hii tu. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia Julai 1, 2025, uliweka kiwango cha ufanisi ambacho mashine za hita haziwezi kukifikia.

Kisha kuna ya nne, inayofua na kukausha katika pipa moja. Kwa nyumba ndogo inavutia. Soma namba mbili zilizoandikwa mlangoni. Ikisema kilo nane na kilo tano, maana yake inafua nane lakini inakausha tano, hivyo pipa likijaa utatoa kilo tatu za nguo ili zilizobaki zikauke. Nyingi pia hugeuza mvuke kuwa maji kwa kutiririsha maji baridi ya bomba. Anayenunua maji ya boza afikirie hilo mara mbili. Na maji ya tangi la juu ya paa, yaliyoshinda juani, si baridi, kwa hiyo kazi hiyo hayaifanyi vizuri.

Hesabu ya LUKU

Mteja wa kawaida wa majumbani wa TANESCO katika kundi la T1 hulipa Sh292 kwa uniti, na ukiongeza kodi na tozo inafika takriban Sh356. Mashine ya hita, ikikausha kilo saba zilizokamuliwa wastani, hula karibu uniti nne, yaani Sh1,424 kwa mara moja. Ya pampu ya joto hula kati ya uniti 1.5 na 2, yaani Sh534 hadi Sh712.

Familia inayokausha mara nne kwa wiki itatumia uniti 64 kwa mwezi kwa mashine ya hita, karibu Sh22,800. Kwa pampu ya joto ni nusu yake au pungufu.

Wanaoumia zaidi ni walio kwenye kundi la D1, la matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, wanaolipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi. Uniti 64 za mashine ya hita peke yake zinakaribia kumaliza kiwango hicho chote. Ukiongeza friji na taa, nyumba imetoka kwenye unafuu. Kwa hiyo bei halisi ya mashine hii kwao ni kubwa kuliko iliyobandikwa dukani, na sijaona muuzaji akimweleza mteja hilo.

Ushauri wangu kwa anayeishi peke yake au wawili ni kutonunua. Fremu ya kuanikia, feni inayopuliza pembeni na mashine inayokamua vizuri zitamvusha masika, na mashuka mazito ampelekee dobi. Nyumba yenye watoto wadogo, mgonjwa wa kuhudumiwa kitandani au mtoto mwenye pumu anayesumbuliwa na ukungu, hiyo ina sababu ya kununua, na inunue ya pampu ya joto ikiweza kuimudu.

Mtumba wa Ulaya na moto wa London

Wengi hawataimudu, na watakwenda kwenye mtumba. Ulaya ikiacha mashine za hita, zile za zamani zitatafuta pa kwenda, na bandari zetu ziko wazi. Hapo usalama unakuwa jambo la kwanza.

Agosti 19, 2016, moto ulizuka katika jengo la ghorofa 18 la Shepherd's Court, magharibi mwa London. Chanzo kilikuwa mashine ya kukaushia ya Indesit yenye hitilafu. Hakuna aliyekufa, lakini familia nyingi zilikosa pa kulala. Tatizo lilikuwa limeshajulikana: katika mashine zilizotengenezwa kati ya mwaka 2004 na 2015 na kuuzwa kwa majina ya Hotpoint, Indesit, Creda, Swan na Proline, vumbi la nyuzi liliweza kufika kwenye hita na kuwaka. Mamilioni ya mashine hizo ziliuzwa Uingereza. Kampuni mama, Whirlpool, ilianza kwa kuzirekebisha, na mwaka 2019 ikalazimika kutangaza kuzirejesha zile ambazo hazikuwa zimerekebishwa.

Mtu anayenunua mtumba asome kibandiko kilicho nyuma ya mlango au kwenye fremu yake. Jina la modeli likiwa limekwanguliwa, aiache. Aangalie pia volti: zinazotoka Marekani zimetengenezwa kwa mfumo wao wa umeme wa hezi 60, wakati wetu ni volti 230 na hezi 50, na transfoma haibadilishi hezi.

Mashine za hita huvuta wati 2,000 hadi 2,700, sawa na ampea 9 hadi 12, kwa saa nzima au zaidi. Ekstensheni ya waya mwembamba haihimili. Mashine ichomekwe kwenye soketi yake ya ukutani, isishirikiane na friji wala birika la umeme. Yenye pampu ya joto huvuta kidogo, lakini ina bodi ya elektroniki inayoungua umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, kwa hiyo kifaa cha kulinda volti si anasa.

Chujio

Fungua mlango wa mashine iliyotoka kukausha taulo, vuta chujio. Utakuta utando wa kijivu, laini, unaobanduka wote kwa mkupuo mmoja ukianza pembeni kwa kidole. Hiyo ni pamba ya nguo zako mwenyewe iliyosagika, na huwaka upesi mno. Taasisi ya zimamoto ya Marekani, USFA, ilikadiria moto wa mashine hizi majumbani kuwa kama 2,900 kwa mwaka, na sababu iliyoongoza ni kutozisafisha.

> Chujio husafishwa kila baada ya pipa moja la nguo, bila kusubiri taa iwake.

Utando ukishatoka, kazi haijaisha. Weka wavu wa chujio chini ya bomba. Maji yakipita mara moja, uko salama. Yakitulia juu yake kama kwenye sahani, wavu umezibwa na mafuta ya dawa ya kulainishia nguo, ambayo jicho haliyaoni. Usugue kwa sabuni na mswaki laini, uukaushe, uurudishe. Dawa hiyohiyo hufunika vipande viwili vya chuma vilivyo ndani ya pipa vinavyopima unyevu. Vikifunikwa, mashine hudhani nguo zimekauka na kuzima mapema. Kitambaa chenye siki kidogo huvisafisha.

Nguo zenye mafuta ya kupikia, ya magari au ya kukandia mwili zisiingie humo hata kama zimefuliwa. Mafuta yaliyobaki hujipasha yenyewe zikirundikwa zikiwa moto, na moto huzuka baada ya saa kadhaa, wakati watu wamelala. Kwa sababu hiyo dakika za mwisho, pipa linapozunguka bila joto, zisikatishwe.

Ikigoma

Malalamiko makubwa ni nguo kutokauka. Mara nyingi hakuna kilichoharibika: chujio limeziba, bomba la hewa limekunjwa nyuma ya mashine, nguo zimejazwa kupita kiasi, au chombo cha maji kimejaa. Katika zinazogeuza mvuke kuwa maji, kipozeo cha chini kinahitaji kuvutwa na kusuuzwa kila mwezi, pale modeli inaporuhusu.

Mota ikinguruma na pipa lisizunguke, mkanda umekatika. Ikikata umeme wa nyumba kila hita inapoanza, hita inagusa chuma cha mashine, na hapo isiwashwe tena hata kwa kujaribu. Harufu ya kuungua, chomoa plagi kwanza, maswali baadaye.

Na ikizunguka bila joto, fundi atakwambia fyuzi ya joto imekatika. Ni kipande kidogo cha bei ndogo, na dukani pengine hakipatikani siku hiyo. Ndipo baadhi ya mafundi hushauri kuunga waya moja kwa moja ili kazi iendelee. Kataa. Fyuzi hiyo ilikatika kwa sababu joto lilizidi, na lililozidisha joto, mara nyingi njia ya hewa iliyozibwa au themostati iliyokufa, bado limo ndani. Mwambie fundi akuoneshe fyuzi iliyokatika mkononi, akueleze kilichoikata, na aache mashine wazi mpaka kipande kipya kipatikane. Wiki hiyo fremu na feni zitafanya kazi.